Sindano, leza au kisu? Kuchagua tiba retina inapoanza kuvutwa na kovu

Mgonjwa wa sukari akishaambiwa kwamba nyuma ya jicho lake kumeota mishipa mipya ya damu na kovu limeanza kufuatia, swali lake la kwanza hapa Uganda ni la bei. Sindano shilingi ngapi, leza ngapi, upasuaji je? Ni swali halali, maana wengi tunalipa kutoka mfukoni. Shida yake ni kwamba linazichukua tiba tatu kama bidhaa moja yenye bei tatu, na sivyo zilivyo. Kila moja inapambana na adui wake. Jicho lile lile linaweza kuhitaji leza mwezi huu na kuhitaji kisu mwaka ujao kwa sababu adui amebadilika.

Mimi ni afisa kliniki wa macho. Kazi yangu ni kupima, kueleza na kuwapeleka wagonjwa kwa bingwa wa retina, kisu sishiki. Wanaozungumza nami Kiswahili wengi ni watu wa Bombo, wafanyabiashara wa Busia na Malaba, wanajeshi wastaafu, na akina mama wa sokoni waliotoka Congo. Nitalinganisha hapa kama ninavyowalinganishia wao, na niseme mapema ninakoegemea: kwa mgonjwa wa kawaida wa huku kwetu, leza inadharauliwa mno na sindano inasifiwa mno.

Anayeamrisha jichoni

Retina ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazotumia oksijeni nyingi zaidi. Sukari ikikaa juu miaka mingi, hasa ikiwa na presha pembeni, mishipa midogo inayoilisha inaziba. Sehemu ya retina iliyokosa damu haifi kimya. Inatoa kichochezi cha ukuaji kinachoitwa VEGF, ambacho kazi yake ni kuamuru mishipa mipya iote na ile ya zamani ivuje. Mwaka 1948 daktari Isaac Michaelson alikwisha kubuni kwamba retina yenye njaa lazima iwe inatoa kitu fulani cha kuotesha mishipa. Kitu hicho kilibaki bila jina kwa miongo minne. VEGF ilitambuliwa mwaka 1989 na kundi la Napoleone Ferrara nchini Marekani, na mwaka 1994 ikapimwa ndani ya majimaji ya macho ya wagonjwa wa kisukari: wenye mishipa mipya iliyo hai walikuwa nayo kwa wingi.

Mishipa hiyo mipya haisaidii chochote. Ni dhaifu, inatambaa juu ya retina na kujishikiza kwenye ute unaojaza jicho, na ikipasuka mgonjwa anaona utando mweusi au nyuzi nyuzi zinazoelea. Watu wengi huja kwetu siku hiyo, si kabla.

Pamoja na mishipa zinakuja seli zinazotengeneza kovu, na hizo zina wakubwa wao. TGF-beta inazigeuza seli za kawaida ziwe seli zenye nguvu ya kujikunja. PDGF inaziita zikusanyike na kuongezeka. CTGF inasimamia ujenzi wa kolajeni, yaani ule uzi mgumu wa kovu lenyewe. Watafiti wa Uholanzi walipima vichochezi hivi kwenye macho ya wagonjwa na mwaka 2008 wakaeleza jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa uchaguzi wote: kinachoamua jicho liko hatua gani ni uwiano wa CTGF na VEGF. VEGF ikitawala, jicho linaotesha mishipa. CTGF ikiizidi, jicho linageuka kuwa kiwanda cha kovu.

Na kovu la retina halikai tu pale lilipo, linavuta. Fundi cherehani akishona mstari wa nyuzi kisha akavuta ncha moja, kitambaa kinajikusanya marinda. Retina nayo hujikunja hivyo chini ya kovu, na ikivutwa zaidi hubanduka kutoka ukuta wa jicho. Inapobanduka sehemu ya makula, kile kitovu kinachotusomea maandishi na kututambulisha nyuso, mgonjwa anapoteza uwezo wa kuona mbele yake sawasawa.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, muulize daktari swali moja: katika jicho langu sasa hivi, tatizo kubwa ni mishipa au ni kovu linalovuta? Jibu lake ndilo linalofungua mlango wa tiba.

Tiba tatu kwa pamoja

| | Sindano | Leza | Upasuaji |
|---|---|---|---|
| Inapiga nini | VEGF iliyokwisha kutoka | Sehemu za retina zinazotoa VEGF | Ute, damu na kovu lenyewe |
| Inaanza lini | Ndani ya siku chache | Baada ya wiki kadhaa | Mvuto unaondoka siku hiyo. Kuona hurudi kwa wiki au miezi |
| Mahudhurio | Karibu kila mwezi mwanzoni, kisha inategemea | Vikao vichache, kisha ukaguzi | Mara moja au mbili, na ukaguzi wa karibu |
| Unachopoteza | Muda, nauli, hatari ndogo ya maambukizi | Sehemu ya uoni wa pembeni na wa gizani | Mtoto wa jicho huja haraka. Kuna hatari ya kubanduka tena |
| Ukipotea mwaka mzima | Hatari kubwa | Bado una kinga | Inategemea gesi au mafuta yaliyobaki ndani |

Mstari wa mwisho ndio ninaomsomea mgonjwa mara mbili. Mingine inaweza kusubiri.

Sindano na leza: mashindano yenyewe

Sindano zinazotumika huku kwetu ni za kuzuia VEGF. Kuna bevacizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana na ambayo madaktari wa macho walianza kuichoma jichoni mwaka uliofuata. Kuna ranibizumab na aflibercept, zilizoandaliwa mahsusi kwa ajili ya jicho na bei yake ni ya juu zaidi. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani limeiweka bevacizumab katika orodha yake ya dawa muhimu kwa matumizi ya macho, kwa hiyo mgonjwa asidhani anapewa dawa ya pili kwa ubora kwa sababu ni maskini. Dozi yake ni ndogo mno, miligramu 1.25 katika tone la mililita 0.05, na kuchomwa kwenyewe kunakwisha kabla hujamaliza kuogopa.

Leza ina umri mkubwa zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo yake mwaka 1976 ulionyesha kwamba kuichoma retina ya pembeni kwa mwanga kunapunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu. Inafanyaje kazi? Inaua kwa makusudi baadhi ya seli za pembeni zinazotumia oksijeni nyingi. Walaji wakipungua, oksijeni kutoka tabaka la nyuma inafika kwa waliobaki, na amri ya kutoa VEGF inapoa. Sindano inamkamata mjumbe njiani. Leza inapunguza njaa iliyomtuma.

Mgonjwa anayesikia neno «kuchomwa» anaogopa, na ni haki yake, basi nieleze inavyokuwa. Unawekewa dawa ya kupanua mboni, unasubiri karibu nusu saa huku maandishi ya simu yakififia. Kisha unawekewa dawa ya ganzi, unaweka kidevu kwenye mashine ile ile ya kupimia jicho, paji la uso likiegemea mkanda. Daktari anakubandikia lenzi yenye jeli baridi juu ya jicho ili usipepese. Halafu mwanga wa kijani, mmoja, mwingine, mwingine, kwa mpigo wa haraka kama mtu anayegonga muhuri. Jumla ya madoa huwa 1,200 hadi 1,600 kwa mtindo wa kawaida, na zaidi kwa mashine mpya zinazopiga kwa haraka. Yanagawanywa katika vikao viwili au vitatu. Sehemu nyingine hazisikii kitu, nyingine zinauma kama jino, hasa upande wa pua na wa sikio. Baada ya hapo kila kitu kinaonekana cha zambarau kwa muda. Usije na boda ukiendesha mwenyewe.

Ipi bora? Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kulinganisha ranibizumab na leza kwa wagonjwa wenye mishipa mipya. Baada ya miaka miwili, uwezo wa kusoma ubao ulikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Waliochomwa sindano walibakiza uoni mpana zaidi wa pembeni, na waliohitaji upasuaji wa ndani ya jicho walikuwa 4 kati ya 100, wakati upande wa leza walikuwa 15 kati ya 100. Ukiishia hapo, sindano imeshinda. Na kweli, mgonjwa ambaye pia ana uvimbe wa makula ana sababu nzuri ya kuanza na sindano, kwa kuwa leza ya pembeni peke yake inaweza kuuzidisha uvimbe huo.

Lakini angalia masharti ya mchezo. Wagonjwa wale walichomwa mara 7 hivi katika mwaka wa kwanza, wakifuatiliwa karibu kila mwezi. Hata hivyo, baada ya miaka 5 karibu theluthi yao hawakuwapo tena kwenye vipimo. Hiyo ni Marekani. Sasa mweke hapo mtu wa Arua, karibu kilomita 500 kutoka Kampala, anayepanda basi la usiku na mtoto wa kumshika mkono, mtoto ambaye naye amekosa kazi siku mbili.

Nini kinatokea akipotea? Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mdogo wa wagonjwa waliopotea kwa zaidi ya miezi 6 kisha wakarudi. Upande wa waliokuwa wakitegemea sindano, macho 10 yalirudi retina ikiwa imebanduliwa na kovu. Upande wa leza, jicho 1. Sababu yake haina fumbo: dawa ikiisha ndani ya jicho, retina yenye njaa bado ina njaa, VEGF inarudi kwa kishindo, mishipa inaota tena juu ya kiunzi kilichokwisha kujengwa, na kovu linafuata.

Ndiyo maana mgonjwa akiniuliza mimi, na makula yake haijavimba, na anakaa mbali, namwambia leza. Aliye Kampala, mwenye kazi ya mshahara, mwenye mtu wa kumkumbusha, anayetegemea uoni wa pembeni kama dereva, huyo azungumze na bingwa kuhusu sindano. Wengi wataishia kupata vyote viwili: sindano chache za kuzima moto upesi, leza ya kulinda nyumba. Mabingwa wengi nawaona wakifanya hivyo na sioni ubishi ndani yake.

Kuna wawili ambao kwao uamuzi ni mwepesi. Mama mjamzito kwa kawaida huepushwa sindano za VEGF, maana mtoto tumboni anahitaji VEGF hiyo hiyo kujenga mishipa yake; leza ndiyo njia yake. Na mtu aliyepata kiharusi au shtuko la moyo karibuni amwambie daktari kabla ya kuchomwa, hata kama haulizwi.

Kovu likishashika

Mzee mmoja wa Bombo alikuja na binti yake, barua ya rufaa mkononi, wakiwa wamechanga pesa za sindano tatu. Jicho la kulia lilikuwa na kovu pana, jeupe, limeshika juu na chini ya makula kama hema.

«Musawo, hizi sindano zitaliyeyusha?»

«Hapana, mzee wangu. Sindano inanyausha mishipa. Kovu linabaki.»

«Basi baba analipia nini?» binti akauliza.

Swali la binti lilikuwa bora kuliko la barua ya rufaa. Jicho la namna hiyo CTGF ndiyo inayotawala, na ukiiteremsha VEGF ghafla unauongeza ule uwiano kuelekea kovu. Mishipa inanyauka, kovu linakaza, retina inavutwa. Mwaka 2008 madaktari walieleza macho 211 yenye ugonjwa mkali yaliyochomwa bevacizumab kabla ya upasuaji. Kama 5 kati ya 100 yalipata mbanduko mpya au uliozidi, kwa wastani siku 13 baada ya sindano. Asilimia hiyo si kubwa, lakini ni macho ambayo tayari hayakuwa na nafasi ya kupoteza. Wapasuaji bado wanaitumia sindano hiyo kwa akili: wanachoma siku chache tu kabla ya upasuaji ili mishipa isitoe damu nyingi mezani, na tarehe ya upasuaji inakuwa imekwisha kupangwa. Sindano siku ya Jumatatu na upasuaji «tutaona pesa ikipatikana» ni mpango mbaya. Afadhali kusubiri vyote pamoja.

Upasuaji wenyewe unaitwa vitrektomia. Robert Machemer aliuanzisha Miami mwaka 1970: matundu madogo kwenye weupe wa jicho, chombo cha kukata na kunyonya ute, taa ya kumulika, maji ya kujaza nafasi. Ute ukitolewa, mishipa inakosa pa kutambalia. Kisha mpasuaji anachambua kovu kutoka juu ya retina, kipande kwa kipande, kazi ya saa moja au zaidi kwa mkono usiotetemeka, na mara nyingi anamalizia kwa leza humo humo ndani.

Si kila kovu linahitaji kisu. Kovu lililo mbali na makula, lisilosogea, hutazamwa tu kwa ukaguzi wa mara kwa mara. Kovu linaloivuta makula au linaloikaribia linahitaji kisu, na linahitaji mapema. Makula iliyokaa imebanduka miezi mingi hairudi ilivyokuwa hata upasuaji ukienda vizuri. Damu iliyojaa jichoni iko katikati. Utafiti wa mwaka 2020 uliolinganisha aflibercept na vitrektomia kwa macho 205 yaliyojaa damu ulikuta kwamba baada ya wiki 24 hakukuwa na tofauti ya maana, ila waliopasuliwa walianza kuona mapema zaidi. Theluthi moja ya walioanza na sindano waliishia kupasuliwa ndani ya miaka miwili. Kwa mtu mwenye jicho moja tu linaloona, mapema hiyo ni kubwa: ni kurudi kwenye kibanda chake cha soko mwezi huu badala ya miezi mitatu baadaye.

Huduma za upasuaji huu zimejikusanya Kampala na Mbarara. Ukipewa rufaa, piga simu kwanza uhakikishe bingwa wa retina yupo wiki hiyo, maana daktari wa macho anayetoa mtoto wa jicho na anayechambua kovu la retina ni watu wawili tofauti.

Makovu mengine yanayochanganywa na haya

Neno kovu kwenye karatasi ya hospitali linabeba mengi, na hapa napita haraka.

Kuna utando mwembamba juu ya makula unaowapata watu wazima wasio na sukari kabisa. Unaukunja uoni, mistari ya madirisha inaonekana imepinda. Mwingi hausogei, kama bado unasoma na kuendesha maisha yako, kuutazama tu ni tiba kamili. Ukizidi, ni kuuondoa kwa upasuaji. Sindano ya VEGF haina nafasi hapo.

Kuna kovu la toksoplazima, mdudu anayepatikana kwenye kinyesi cha paka na nyama isiyoiva. Hilo ni alama ya kidonda kilichopona. Usilipe chochote kuliondoa, haliondoki. Kinachotibiwa ni uambukizo ukiamka tena pembeni mwa kovu.

Kuna kovu linalokuja baada ya upasuaji wa retina iliyobanduka, kwa wagonjwa 5 hadi 10 kati ya 100. Hapa VEGF si mkuu. PDGF na TGF-beta ndizo zinazoongoza, na seli zilizotawanyika kupitia tundu la retina ndizo zinazogeuka. Huibuka zaidi katika miezi miwili mitatu ya mwanzo, ndiyo maana mpasuaji anang'ang'ania urudi hata kama unaona vizuri. Watafiti wamejaribu steroidi na dawa za saratani kuzizima seli hizo, na matokeo yamekuwa ya kukatisha tamaa zaidi kuliko ya kufurahisha. Kinachosaidia ni kuwahi: retina iliyobanduka leo ikirekebishwa wiki hii ina nafasi nzuri kuliko ya mwezi ujao.

Na kuna sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Uganda tunayo kwa wingi; uchunguzi wa damu za watoto wachanga nchi nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta 13.3 kati ya kila 100 wamebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo. Kwa wanaougua sikoseli, mishipa mipya inaweza kuota pembeni mwa retina kwa amri ya VEGF ile ile, lakini ina tabia ya pekee: mara nyingi inajinyonga na kukauka yenyewe. Kwa hiyo kutazama ni chaguo halisi, leza inapigwa sehemu husika tu inapohitajika, na kisu kinaogopwa kwa sababu damu yenye sikoseli haipendi presha ya jicho ikipanda. Mzazi asikubali mtoto wake apangiwe tiba ya mgonjwa wa sukari kwa kufananisha picha.

Kabla hujatoa pesa

Bevacizumab huja katika kichupa cha mililita 4, kinachotosha wagonjwa wengi. Ndiyo inayoifanya iwe nafuu, na ndiko hatari inakoingia. Ikigawanywa katika mazingira machafu, wadudu wanaingia sindano zote za siku hiyo. Mwezi Septemba 2023, jimboni Punjab nchini Pakistan, makumi ya watu walipata maambukizi mabaya na wengine wakapofuka baada ya kuchomwa bevacizumab iliyogawanywa vibaya. Hivyo uliza bila aibu: dawa inagawanywa wapi, na nani, na imekaa kwenye friji tangu lini? Kliniki nzuri haikasiriki. Na baada ya sindano, jicho likianza kuuma, kuwa jekundu na kuona kukapungua ndani ya siku chache, hilo si jambo la kusubiri tarehe ya kurudi. Ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama ni kupanda taksi usiku.

Hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuzima CTGF au TGF-beta ndani ya jicho ili kuyeyusha kovu la retina. Hakuna matone, hakuna vidonge. TGF-beta hasa ni ngumu kuigusa kwa sababu mwili unaitumia kutuliza kinga na kuponya vidonda kila mahali. Faricimab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, inazuia VEGF pamoja na kichochezi kingine kinacholegeza mishipa, lakini nayo haivunji kovu. Anayeuza mitishamba ya «kusafisha retina» kwenye redio anauza maneno.

Kuhusu upasuaji, muulize mpasuaji atamalizia na nini. Akijaza gesi, itakaa wiki mbili hadi nane kutegemea aina yake, na kwa muda huo hupandi ndege. Watu wa kwetu wanasahau kwamba milima nayo inahesabika. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari na Kabale inakaribia 2,000. Ukipanda huko na gesi jichoni, gesi inapanuka, presha ya jicho inapanda, na unaweza kuupoteza mshipa wa fahamu wa kuonea njiani. Mtu wa Kabale au Kapchorwa aseme anakotoka kabla ya kulala mezani, ili apangiwe mafuta ya silikoni au akae kwa ndugu mjini mpaka gesi iishe. Mafuta ya silikoni hayana shida ya milima, ila kwa kawaida yanatolewa kwa upasuaji wa pili baada ya miezi kadhaa, na wengi hupasuliwa mara ya kwanza bila kuambiwa hilo. Yakiachwa mno yanaweza kuleta presha ya jicho na kuharibu kioo cha mbele. Bei unayotajiwa, uliza kama imehesabu na siku ya kuyatoa.